Kosa Lilifanyika Shingoni
Kuifunga kwa uzi ateri ya karotidi ya nje, yaani mshipa mkuu wa shingoni unaopeleka damu usoni, ili kuzuia damu ya taya lenye kasoro ya mishipa, ni kosa ambalo hata haraka ya chumba cha upasuaji haiwezi kulihalalisha. Mfuatano wake unafahamika: gego lililolegea linang'olewa, damu inaruka kwa mapigo kutoka katika tundu lake, jino linawekwa kwenye sinia, na mpasuaji analiacha taya na kuipasua shingo.

Damu hupungua kwa muda mfupi, na muda huo ndio unaodanganya. Kasoro ya ateri na vena ni njia ya mkato ambamo damu hutoka katika ateri na kuingia katika vena bila kupitia kapilari, na kwa kuwa shinikizo ndani yake ni dogo, huivuta damu kutoka upande wa pili wa uso na hata kutoka katika matawi ya karotidi ya ndani. Damu hurudi, lakini njia ya tiba hairudi, kwa sababu katheta, yaani mrija mwembamba unaoingizwa kinenani ili kukiziba kiini cha kasoro kwa gundi au koili, hupita katika ateri hiyohiyo iliyofungwa. Kizibo cha dharura kilikuwa kwenye sinia: jino lingerudishwa tunduni, mgonjwa akang'atishwa chachi na kuongezewa damu hadi afikishwe kwenye angiografia, yaani picha ya mishipa. Uzibaji unaofuata, na ukataji wa mfupa pale unapohitajika, kwa kawaida hufanywa vyema.

Hata hivyo, kosa la shingoni huzaliwa na uzembe wa kabla ya koleo, ambao safu hii haitachoka kuukemea. Ufizi unaovuja damu kuzunguka meno, jino linalodidimia likibanwa kisha likarudi juu, na mdundo unaohisiwa kwa kidole ni dalili za kutosha kumzuia mng'oaji, hata pale eksirei isipoonyesha vitundu vinavyofanana na povu la sabuni.

Bado wapo wanaoita kila hali ya namna hii hemanjioma, ilhali mwaka 1982 John Mulliken na Julie Glowacki, kwa kuzichunguza seli zenyewe, walitenganisha hemanjioma, ambayo ni uvimbe wa seli zinazoongezeka kisha ukasinyaa, na kasoro, ambayo mtu huzaliwa nayo na haisinyai. Sven-Ivar Seldinger naye, mwaka 1953, alionyesha jinsi ya kuifikia ateri kwa sindano, waya na mrija tu. Warithi wao wana mashine ambazo wao hawakuziota, lakini subira yao haikurithiwa.

Taya linalotiliwa shaka lichomwe sindano ya kuvuta kabla ya koleo; damu nyekundu ikilisukuma bomba la sindano yenyewe, jino libaki mahali pake na shingo isiguswe.