Kila Mwamba Ngoma: Filamu ya Sangara Katika Somo la Kiingereza

Watoto wetu wanaosoma huku ughaibuni, hasa Uingereza na Marekani, hurudi nyumbani wakatuambia kwamba leo katika somo la Kiingereza walitazama filamu. Wazazi wengi tukaguna. Sisi tuliosomeshwa kwa ubao na chaki hudhani mwalimu amechoka kufundisha. Hapa tungependa kumtetea mwalimu huyo, kisha tumdai jambo moja.

Filamu zenyewe si za maigizo, bali ni filamu za hali halisi. Nchini Marekani, viwango vya Common Core vilivyotolewa mwaka 2010 na kupokelewa na majimbo mengi vilitaka mwanafunzi anayemaliza sekondari awe anasoma maandishi yasiyo ya kubuni kwa kiasi cha asilimia 70 ya usomaji wake katika masomo yote. Maandishi ya aina hiyo yana ujuzi wake: kutambua hoja ya mwandishi, kupima ushahidi wake, kuona alichochagua na alichokiacha, na kusikia sauti anayoitumia. Mwalimu mmoja wa Marekani, John Golden, alitoa kitabu mwaka 2006 akionyesha kwamba filamu ya hali halisi na insha zinaweza kusomwa kwa zana zilezile. Tunakubaliana naye. Wahenga walishasema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mwenye kamera naye ni mwamba ngoma.

Chukueni mfano wa filamu ya Kifaransa ya mwaka 2005 juu ya pengwini, iitwayo kwa Kiingereza March of the Penguins. Katika toleo la Kifaransa pengwini wenyewe wanazungumza: mama, baba na kifaranga. Katika toleo la Marekani anasikika msimulizi mmoja tu, Morgan Freeman, akieleza habari zao kwa mbali. Ndege ni walewale na barafu ni ileile, lakini habari mbili. Mtoto akisikilizishwa dakika tano za kila toleo, ataelewa maana ya sauti ya mwandishi kuliko akikaririshwa ufafanuzi wake wiki nzima.

Filamu hiyo ya pengwini ndiyo iliyopata Oscar ya filamu za hali halisi mwaka 2006. Miongoni mwa zilizoshindwa siku hiyo ilikuwamo moja inayotuhusu sisi moja kwa moja: Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, raia wa Austria, iliyotolewa mwaka 2004 na kupigwa Mwanza. Inahusu sangara, samaki aliyeingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, akazaana mno miaka ya 1980 na kuchangia kupotea kwa aina nyingi za furu. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Mapanki yanabaki.

Ni kazi yenye nguvu. Haina msimulizi wa kutuongoza, na hiyo ndiyo hila yake kubwa. Mtazamaji hudhani hakuna anayemwambia lolote, kumbe anaambiwa kwa mpangilio wa picha. Inaonyeshwa minofu mieupe kiwandani, kisha kinamama wakianika mapanki yenye funza. Anaonyeshwa mlinzi wa usiku anayesema kwa Kiingereza chake kwamba wapo wanaotamani vita, kwani askari hulipwa. Mmoja wa wafanyakazi wa ndege anakiri kwamba aliwahi kupeleka vifaru Angola na kurudi na zabibu za Afrika Kusini kwa ajili ya Ulaya.

Hapo ndipo mwalimu angesimamisha filamu. Safari ile ya vifaru ilikuwa ya Angola, si ya Mwanza. Je, filamu imethibitisha kwamba ndege za sangara huja Mwanza na silaha, au imeziweka habari mbili jirani ikatuachia sisi kuziunganisha? Na mapanki je, ni nani anayeyala, na mangapi huenda kwenye chakula cha mifugo? Kutofautisha kilichoonyeshwa na kilichodokezwa ndicho kiini cha kusoma maandishi yasiyo ya kubuni.

Nyumbani Tanzania filamu hii ilizua hasira. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kwamba inaichafua nchi. Kule Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa maandishi, Sauper akamshtaki, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikamkuta Garçon na hatia ya kukashifu kwa baadhi ya madai yake. Hilo nalo ni somo: anayepinga hoja ya mwenzake hudaiwa ushahidi vilevile.

Sisi hatuungi mkono wanaotaka filamu hii ifungiwe kabatini. Umaskini inaouonyesha haukutengenezwa na kamera, na swali lake kuhusu nani anakula nini katika biashara ya dunia ni la haki. Tunachokidai ni kwamba ifundishwe kama insha ya mtu mmoja, si kama ramani ya Afrika.

Tatizo kubwa kwetu huja taa zinapowashwa. Mwalimu humgeukia mtoto wa Kiswahili na kumwuliza, "Kwenu ndivyo kulivyo?" Kwa nia njema kabisa, amemtoa mtoto katika kiti cha msomaji na kumpandisha kizimbani awe shahidi wa bara zima. Mtoto aliyezaliwa Leicester, ambaye Mwanza hajawahi kufika, atajibu nini? Akisema ndiyo, ametia muhuri. Akisema hapana, ataonekana anatetea.

Ilhali mtoto huyo ana jambo ambalo darasa zima halina. Penye mazungumzo ya Kiswahili, wenzake wanasoma tafsiri chini ya skrini, naye anasikia maneno yenyewe. Anaweza kupima kama tafsiri imefupisha, kama utani umegeuka kilio, kama heshima ya mzungumzaji imepotea njiani. Hapo si shahidi tena, ni mhakiki, na Kiswahili cha nyumbani ni zana ya kazi.

Lakini zana hiyo haitolewi shuleni. Mzazi anayemjibu mwanawe kwa Kiingereza kila siku kwa kudhani anamsaidia masomo, anamnyang'anya ujuzi ambao somo la Kiingereza lenyewe linautafuta. Basi mtoto akirudi tena na habari ya filamu, tusigune. Tuitazame pamoja naye, tumwulize kwa Kiswahili: nani kaamba ngoma hii, na ngozi kaivutia wapi?