Sura 95 kwa Sehemu Nane: Jinsi "One Piece" Ilivyotolewa Karatasini

Wasomaji wa katuni ya One Piece walingoja zaidi ya sura 400 kabla ya kuambiwa kwamba Garp, makamu admirali wa Jeshi la Wanamaji, ni babu yake Luffy, kijana anayeapa kuwa Mfalme wa Maharamia. Kwa katuni inayotoka kila wiki, huko ni kungoja karibu miaka kumi. Aliyeifungua tamthilia ya Netflix tarehe 31 Agosti 2023 alimwona Garp dakika za mwanzo tu, akisimamia kuuawa kwa haramia Gold Roger mbele ya umati, na siri ya ukoo ikafichuka kabla msimu haujaisha.

Mashabiki wengi ni wakali mtu akigusa mpangilio wa hadithi wanayoipenda. Hili la Garp walilimeza bila shida, na sababu yake inaeleza sehemu kubwa ya kazi nzima. Waandishi walijipa uhuru mkubwa wa kuhamisha matukio, ila wakawa wachoyo kweli kweli kwenye kubadili sura ya dunia yenyewe: rangi, mavazi, majahazi, na zile picha chache ambazo msomaji hazisahau.

Mzigo waliojitwika haukuwa mdogo. Eiichiro Oda alianza kuichora One Piece Julai 1997 katika jarida la Weekly Shonen Jump la Japani. Imeshapita juzuu 100, nakala zake zinahesabika kwa zaidi ya milioni 500, na kampuni ya Toei imekuwa ikiitoa kama filamu ya katuni tangu 1999, sehemu zaidi ya elfu moja. Kampuni ya Marekani ya Tomorrow Studios ilitangaza mpango wa kuiweka kwa waigizaji halisi mwaka 2017. Mifano ya kutia moyo ilikuwa haba. Filamu ya Dragonball Evolution ya 2009 ilikuwa imegeuka mzaha wa kudumu, na Cowboy Bebop, iliyotoka mikononi mwa Tomorrow Studios hao hao, ilionyeshwa Netflix Novemba 2021 na kufutwa kabla mwezi haujatimia.

Tatizo la kwanza lilikuwa la hesabu. Safari ya bahari ya East Blue, tangu Luffy apande pipa lake hadi Arlong aangushwe, inakula sura 95 za katuni. Msimu ulipewa sehemu nane, kila moja ikikaribia saa nzima. Kufupisha peke yake kusingetosha, kwa sababu umbo la hadithi ni la kujirudia: Luffy anatia nanga, anakuta watu wanaonewa, anampiga mwonevu, anapata rafiki, anang'oa nanga. Jaridani mtindo huo unafaa, maana kila mwonevu mpya ni chakula cha wiki kadhaa. Kwenye runinga, mtu akitazama sehemu tatu kwa usiku mmoja, atakuwa amejua mwisho wa ya nne kabla haijaanza.

Matt Owens na Steven Maeda, walioongoza uandishi, walilijibu hilo kwa kutafuta mkimbizaji. Garp anaanza kumwinda Luffy tangu mwanzo, akiwa na vijana wawili, Koby na Helmeppo, ambao maisha yao jeshini Oda aliyasimulia kwa vichoro vidogo kwenye kurasa za kufungulia sura. Hapo hapo visiwa vilivyokuwa vikisimama kila kimoja peke yake vikaunganishwa na uzi wa kufukuzana. Kila Luffy akikawia mahali, mtazamaji anajua kuna merikebu ya serikali inakaribia. Na kwa kuwa Koby alikuwa rafiki wa kwanza wa Luffy, upande wa wanaofukuza nao una mtu wa kuonewa huruma.

Mbinu ya pili ilikuwa kupunguza maadui kwa kuwaunganisha. Katika katuni, adui wa Baratie, mgahawa unaoelea baharini, ni Don Krieg, na vita yake na Luffy inajaza kurasa nyingi. Kwenye tamthilia Krieg anakutana na mpiga upanga Mihawk na habari yake inaishia hapo. Anayeingia Baratie kutafuta ubaya ni Arlong, mtu-samaki ambaye kitabuni humkuti mpaka ufike kisiwani kwake. Kwa hiyo pambano la mwisho linaanza kupikwa sehemu mbili nyuma. Luffy anashindwa mbele ya macho yetu, halafu Nami, mwenzake Luffy, anaonekana akiondoka na huyo aliyemshinda. Usaliti ambao katuni ilibidi iueleze kwa masimulizi, hapa umeshatendeka mezani.

Ya tatu ni kukutanisha watu mapema. Oda alimleta mpiga upanga Zoro kwanza, kisha baada ya kisiwa kizima ndipo akamleta Nami. Tamthilia inawakusanya wote wawili, pamoja na Luffy, ndani ya ngome ya Kapteni Morgan katika sehemu ya kwanza, kila mmoja akiwa amekuja kwa shida yake. Hata kauli iliyopita haraka kitabuni ilipata kazi. Zoro wa katuni anagusia tu kwamba aliwahi kufuatwa na wakala wa genge la Baroque Works na akamkata. Zoro wa runinga, Mackenyu, anatambulishwa kwa tukio hilo lenyewe. Huyo wakala, Mr. 7, anakuja, anazungumza, anakatwa vipande viwili, na mtazamaji anamjua Zoro bila mtu kumsimulia sifa zake.

Upande wa sura za watu, kuna kanuni ambayo haikutangazwa lakini inasomeka waziwazi kwenye kioo: kwa kundi la Luffy, kinachovaliwa kilibaki na kilichoumbwa mwilini kiliachwa. Kofia ya majani ipo, fulana nyekundu ipo, panga tatu zipo, nywele za kijani za Zoro na za chungwa za Nami zipo. Pua ndefu ya Usopp haipo. Nyusi iliyojikunja ya Sanji haipo. Hakuna aliyejaribu kumkuzia Iñaki Godoy, anayemcheza Luffy, macho ili yafanane na mchoro. Uso wa shujaa ndio unaobeba hisia kwa saa nyingi, na plastiki ikiwekwa juu yake hisia hizo hukwama. Kwa maadui hali ni kinyume. Buggy ana pua yake nyekundu, na Arlong, aliyechezwa na McKinley Belcher III, ana pua ya msumeno na ngozi ya bandia. Mbuni wa maleba, Diana Cilliers wa Afrika Kusini, aliyefanya kazi pia kwenye filamu ya District 9, alivipa vitambaa uchakavu kiasi kwamba rangi kali za katuni zinaonekana zimeshapigwa na jua na chumvi.

Kisha kuna mwili wa Luffy, unaovutika kama mpira. Kwenye karatasi, mkono unaorefuka hauna uzito, na ubongo wa msomaji humalizia mwendo kati ya kisanduku na kisanduku. Kamera haitoi nafasi hiyo. Ngozi inayovutika inaweza kuchekesha pasipotakiwa, au kutia kichefuchefu. Watengenezaji walibana matumizi: mkono unarudi nyuma, unarefuka kwa muda mfupi sana, kisha picha inakatia kwa anayepigwa, arushwe ukutani na mbao zipasuke kweli. Kompyuta inafanya kipande cha katikati tu. Mapigano mengine yaliachiwa miili ya waigizaji, na Taz Skylar, anayemcheza Sanji, alijifunza mateke na upishi kwa ajili ya nafasi hiyo.

Miili hiyo ilihitaji mahali pa kweli, na hapo ndipo Cape Town inapoingia. Picha zilipigwa huko mwaka 2022. Cape Town Film Studios walikuwa na uzoefu wa maharamia tayari, kwani tamthilia ya Black Sails, iliyoonyeshwa kati ya 2014 na 2017, ilitengenezwa hapo. Going Merry, chombo chenye kichwa cha kondoo omoni, kilijengwa kwa ukubwa wake kamili, na Baratie nayo ikajengwa. Faida yake inaonekana katika mambo madogo: mwigizaji anashika kamba na kamba inamkata kiganja, anapanda ngazi huku kivuli cha tanga kikimpita usoni. Hata konokono wanaotumika kama simu ni vibaraka vyenye mitambo ndani, kwa hiyo Garp anapozungumza na konokono, kuna konokono wa kuzungumza naye. Afrika Kusini ilitoa pia nyuso. Morgan ni Langley Kirkwood, Helmeppo ni Aidan Scott, na Kuro, adui mwingine, ni Alexander Maniatis.

Nicole Hirsch Whitaker, mpiga picha wa sehemu za mwanzo, alitumia lenzi pana zilizosogezwa karibu sana na uso. Lenzi ya aina hiyo huvimbisha kidogo kilicho mbele na kurudisha nyuma kilicho mbali. Wachoraji wa manga hufanya vivyo hivyo kwa kalamu: ngumi kubwa mbele, mwili mdogo nyuma. Kwa hiyo picha inapata ukali wa mchoro bila mtu kuchorwa.

Si kila kitu kilipona. Kijiji cha Usopp kiligeuzwa kisa cha kutisha ndani ya jumba moja usiku, na wale watoto watatu waliokuwa jeshi lake wakaondolewa. Kitabuni Usopp anapigana ili kijiji kisijue kamwe kwamba kilikuwa hatarini, na watoto hao ndio mashahidi wake pekee. Bila wao, mwongo anayegeuka jasiri anabaki mtu anayekimbia kwenye korido. Kisiwani kwa Arlong, mtu-pweza Hatchan hayupo, na mapambano ya wenzake Luffy yanapita haraka. Kilicholindwa pale ni ombi la Nami la kusaidiwa: kisu, alama ya mkononi, na kofia inayowekwa kichwani pake. Picha hiyo ilipewa muda wake wote, kwa sababu njama zote za vipindi vilivyotangulia zilikuwa zinaielekea.

Mtu wa mwisho kuamua alikuwa Oda mwenyewe. Kwa maelezo yake kwa mashabiki, Netflix walikubali kutoionyesha tamthilia mpaka yeye aridhike, na hata baada ya upigaji picha kwisha, matukio kadhaa yalirudiwa kwa sababu aliyaona hayajafikia kiwango. Ni nadra mwandishi kupewa rungu hilo. Bila ridhaa ya mchoraji, kumhamisha Garp kungeitwa uharibifu. Pamoja nayo, kukawa rasimu mpya ya mwenye mali.

Siku nne za kwanza Netflix walihesabu utazamaji milioni 18.5, na wiki mbili baada ya kutoka, msimu wa pili ukaidhinishwa. Huo unalivusha kundi hadi bahari ya Grand Line, ambako Baroque Works, genge la yule Mr. 7, ndilo adui mkuu. Unaleta pia mtihani ambao kanuni ya mavazi haiwezi kuujibu. Tony Tony Chopper, daktari wa chombo, ni kulungu mdogo wa theluji anayeongea, na ni mmoja wa mashujaa, si adui wa kupita. Hana uso wa binadamu wa kuachiwa hisia. Sauti amepewa na Mikaela Hoover, na mwili umekabidhiwa kompyuta, ambayo safari hii haiwezi kujificha katika kipande kifupi cha katikati: lazima ikae kwenye kioo pamoja na Godoy na Mackenyu, mazungumzo kwa mazungumzo.