Pongezi kwa Walezi wa Vituo vya Mchana

Wakati mwingine mlezi wa kituo cha kulelea watoto mchana ndiye wa kwanza kugundua: mtoto wa miaka 2 hatamki neno, hageuki akiitwa. Hamfichi wala hampi jina baya. Humvuta mama pembeni, humshauri ampeleke kliniki masikio yapimwe, kisha hurudi kwenye mkeka. Humtajia mtoto kikombe, husubiri ajaribu, hutaja tena. Kusubiri huko ndiko ufundi wenyewe, na huufanya huku watoto wengine wakilia. Mwaka 2021 Tanzania ilizindua PJT-MMMAM, programu ya taifa ya malezi na makuzi; mikononi mwa walezi hawa ndimo inamotimia. Wapewe mafunzo na mshahara unaolingana na kazi. Nawe mzazi, ukimfuata mwanao jioni, mshukuru mlezi wake.