Milimita 45 za Mombasa: Fundi wa Nondo Dhidi ya Chumvi

Kutoka Mshomoroni hadi Mtongwe, mapaa mengi yameachwa na nondo zimechomoza juu. Mwenye nyumba anangoja pesa ya ghorofa inayofuata, na huku upepo wa bahari unazila. Kutu hiyo kila mpita njia anaiona. Isiyoonekana ni ile inayoanza ndani ya zege, kwenye nguzo na baraza za nyumba ambazo tayari zina wapangaji. Tukiifuata kazi ya fundi wa nondo tangu mzigo uteremshwe hadi zege limwagwe, tutaona kwamba hapa pwani umri wa jengo hutegemea sana mahali nondo ilipokaa, na wingi wa chuma pekee hauliokoi.

Kazi huanza kwa mizani. Nondo huuzwa kwa urefu wa mita 12, na uzito wake una kanuni nyepesi: kipenyo kwa milimita kizidishe kwa chenyewe, kisha gawanya kwa 162, utapata kilo za kila mita. Nondo ya milimita 12 ina kilo 0.89 kwa mita, karibu kilo 10.7 nondo nzima. Ukiipima ukapata kilo 9, umeuziwa nondo ya milimita 11 kwa jina la 12, na asilimia 16 ya chuma ulicholipia haipo. Viwango huruhusu upungufu kidogo, lakini si wa kiasi hicho.

Kisha huja ubao wa kukunjia, na hapa ndipo makosa makubwa huzaliwa bila mtu kujua. Tuchukue nguzo ya milimita 300 kwa 300. Ringi inayozunguka nondo zake ndiyo chuma kilicho karibu zaidi na uso wa zege. Unene wa zege unaoifunika, ambao mafundi huuita kava, hupatikana kwa hesabu ya kutoa: ringi yenye upana wa 250 huacha kava ya 25 kila upande, ringi ya 210 huacha 45. Ringi ikishakunjwa 250, hakuna ujanja wa baadaye utakaoongeza kava. Ukiisukuma upande mmoja, unaunyima upande wa pili.

Sasa ipi ni sahihi? Kanuni ya kitaifa ya majengo ya 2024 imechukua nafasi ya ile ya 1968, na wahandisi wa Kenya wanasanifu kwa viwango vya Ulaya. Viwango hivyo hupanga kava kulingana na mazingira. Kwa jengo la kudumu miaka 50, zege la ndani ya chumba kikavu hutakiwa kava isiyopungua milimita 15. Zege linalofikiwa na chumvi ya hewani, hata kama halijaguswa na maji ya bahari, hutakiwa 35. Juu ya hapo huongezwa 10 kwa sababu mkono wa binadamu hukosea. Kwa hiyo ile 25 iliyozoeleka ni kava ya chumbani. Nguzo ya nje, baraza na bimu ya ukingoni zinazopigwa na upepo wa bahari hesabu yake ni 45.

Tofauti ya milimita 20 ina uzito kwa sababu ya namna chuma kinavyolindwa. Zege zima lina ualkali mkali, pH ya 12 hadi 13, na katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba unaozuia kutu. Hewa ukaa ikipenya, ualkali hushuka. Chumvi ikifika, hutoboa utando huo hata kabla ualkali haujashuka. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, hivyo husukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke kwa mstari unaofuata nondo. Upenyaji wenyewe huenda ukipungua kasi kadiri unavyoingia ndani, na kwa makadirio muda wa kufika kwenye chuma hufuata mraba wa kina. Kwa zege lile lile, kava ya 45 hununua muda wa zaidi ya mara 3 ya kava ya 25. Kava ikiteleza hadi 15, unabaki na takriban theluthi moja ya muda wa ile 25.

Kwenye slabu, kava hushikwa na spesa, vijiwe vya saruji vinavyoinua nondo juu ya mbao. Ni kitu cha bei ndogo sana kwenye mjengo, na ndicho husahaulika. Mkataba wa nondo aghalabu hulipwa kwa kilo au kwa siku. Spesa haina kilo za kudai. Siku ya kumwaga, vijana wa zege hukanyaga matandiko ya nondo wakisukuma toroli, na nondo za juu huzama. Kwenye baraza inayoning'inia, nondo za juu ndizo zinazobeba mvutano wa mzigo. Slabu ya milimita 150 yenye nondo ya 12 na ile kava ya 25 iliyozoeleka ina kina cha kazi, yaani kutoka uso wa chini wa zege hadi katikati ya nondo, cha 119. Nondo ikikanyagwa ikashuka milimita 40, kina kinabaki 79, na baraza imepoteza theluthi ya nguvu zake kabla mtu hajasimama juu yake. Dawa ni vigoda vya chuma vya kuinua matandiko ya juu, mbao za kupitia toroli, na fundi wa nondo kubaki kazini hadi zege liishe.

Lipo pia jambo lililo nje ya mikono ya fundi huyu. Maji ya mfereji Mombasa ni haba, na visima vingi vya Kisauni na Likoni vina maji ya chumvichumvi. Zege likichanganywa kwa maji hayo, adui amekwisha kuingizwa ndani, na kava ya 45 haina tena cha kuzuia. Mchanga wa ufukweni ni vivyo hivyo.

Turudi kwenye zile nondo za paani. Kutu nyepesi inayofutika haina madhara. Inayobanduka kwa magamba ni hesabu nyingine: nondo ya 16 iliyobaki 14 imepoteza asilimia 23 ya eneo lake, na kuifunga nondo mpya ubavuni hakurudishi kilicholiwa pale inapotokea kwenye slabu. Nondo za kungoja zipakwe uji mzito wa saruji, au zifunikwe kwa zege hafifu litakalovunjwa baadaye. Kazi ikianza tena, zisuguliwe kwa brashi ya waya na zipimwe kipenyo mbele ya mhandisi.

Fundi wa nondo anaweza kufanya majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na sheria ya mwaka 2011 iliyounda NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, inatambua mafundi stadi. Cheti ni chema, ila hakikai kati ya nondo na mbao. Wewe mwenye nyumba, soma kava iliyoandikwa kwenye mchoro kabla ringi ya kwanza haijakunjwa. Kama ni 25 kwa nguzo ya nje, muulize mhandisi sababu, maana fundi hana ruhusa ya kuibadilisha peke yake. Weka malipo ya spesa na vigoda kwenye mkataba. Asubuhi ya kumwaga, panda na futi yako upime nafasi kati ya nondo na mbao. Usipoona nafasi hiyo kwa macho, usiruhusu zege limwagwe.