Usiku Kucha Juu ya Jeki

Kazi ya kuifufua jeki kuukuu ya magurudumu, niliyoiona kwenye video ya fundi mmoja, ilikuwa safi: kutu ilitolewa, sili zikabadilishwa, mafuta ya haidroliki yakajazwa na hewa ikatolewa. Hapo sina neno. Ila kila aliyeitazama video hadi mwisho alimwona fundi akiinua Land Rover kwa mbele, akaiacha hivyo hadi asubuhi, akapima kwa rula, akakuta haijashuka hata milimita moja, kisha akatandika gunia na kuingia uvunguni. Bila stendi. Hilo ni kosa, na halikuanza alipolala chali. Lilianza alipoamini kwamba kipimo cha usiku kimejibu swali lake.

Jeki iliyokesha bila kushuka imethibitisha jambo moja tu, kwamba mafuta hayapenyi kwenye sili wala kwenye vali wakati mzigo umetulia na hakuna anayeugusa. Mtu anayeingia chini huingia na spana. Anavuta boliti iliyoshikwa na kutu, gari linatikisika, na uzito uliokuwa ukielemea wima unaanza kusukuma kwa ubavu. Tena jeki ya namna hii haipandi wima: mkono wake huchora tao, kwa hiyo sharti magurudumu yake yabingirike kadiri gari linavyopanda. Gurudumu lililoliwa na kutu, juu ya sakafu yenye nyufa, halibingiriki. Kikombe cha jeki, kile kinachogusa gari, huburuzwa chini ya chesisi hadi kikabaki kimeshika ukingoni. Kwenye video kile kikombe kimekaa upande waziwazi, wala hakuna aliyekitaja. Rula haipimi hilo. Haipimi pia ufa uliojificha ndani ya chuma cha kusubu, ambacho hakipindi kwanza kikakuonya, hukatika tu. Ndiyo maana sichoki kuwalaumu wanaokimbilia kupaka jeki za zamani rangi nyekundu kabla ya kuzikagua.

Utetezi unaorudiwa ni kwamba vya kale vilikuwa imara. Nakubali, na kati ya hivyo na mabati ya siku hizi najua nitachagua nini. Lakini wakongwe wenyewe hawakufanya kazi hivi. Meli ya mhandisi Brunel, Great Eastern, ilipokwama kwenye ukingo wa mto Thames mwishoni mwa 1857, miongoni mwa mashine zilizoisukuma zilikuwamo jeki za haidroliki za ndugu Tangye wa Birmingham, hadi ikaelea Januari 1858. Baadhi ya mashine za haidroliki zilipasuka katika kazi hiyo. Kupasuka huko kulichelewesha kazi, hakukuiangusha meli, kwa sababu meli haikukaa juu ya jeki. Ilikaa juu ya vitanda viwili vikubwa vilivyojengwa kuibeba, na jeki zikabaki na kazi ya kusukuma.

Watakaosema stendi ni ghali wana hoja, ingawa ndogo. Magogo ya mti mgumu yaliyopangwa kwa kupishana hubeba gari vizuri, si matofali ya saruji, ambayo hupasuka ghafla. Na magogo hayo fundi wetu alikuwa nayo: mawili yalionekana nyuma yake video nzima, yamezuia mlango wa banda usifungwe na upepo.