Amana ya Mama: Kuusoma Upya Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona ni miongoni mwa tungo za kale ambazo sisi walimu tumezizoea, na pengine mazoea hayo ndiyo yanayotufanya tuusome nusu. Darasani huulizwa: mke ana wajibu gani kwa mumewe? Wanafunzi hutaja utii, usafi na upole, na kipindi kikaisha. Hata Alice Werner na William Hichens, walipouchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, waliupa jina la mawaidha juu ya wajibu wa mke. Kwa maoni yangu, kiini cha utendi huu ki mahali pengine.

Tuitazame hali ya mtunzi. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyepambana na utawala wa Sultani wa Unguja, alikuwa amekwisha kufariki. Mtunzi mwenyewe anaeleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, kisha anamwita bintiye akaribie na wino na karatasi. Huyu ni mjane mgonjwa ajuaye kwamba huenda hatakuwapo kumlea mwanawe. Yakisomwa hivyo, mawaidha ya ndoa huwa ni masurufu ya safari ambayo mama hatakwenda naye.

Mwisho huja dua, ambayo wengi wetu huiruka. Humo mtunzi anamwomba Mungu amwondolee maradhi, na pia amtunzie wanawe na nduguze. Hii ni lugha ya amana: mwenye kitu hukikabidhi kwa mwaminifu, naye akaondoka.

Sisi wa Rusizi hatuna budi kuisoma dua hiyo kwa uangalifu. Mwaka 1994, wengi waliokimbilia makanisani wakitumaini usalama waliuawa humo humo. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, tetemeko la ardhi lilitikisa pande zote mbili za Ziwa Kivu, na wako waumini waliokufa wakiwa katika ibada. Mwalimu atakayewaambia watoto wa hapa kwamba amtumainiye Mungu hapatwi na baya atakuwa amewadanganya, nao watatambua.

Mwana Kupona hasemi hivyo. Aliomba kupona, na baadaye akafariki. Hata hivyo utendi wake haukukanushwa na kifo chake, kwa sababu haukuahidi kwamba kifo hakitakuja. Alifanya lililokuwa katika uwezo wake, yaani kumfunza binti. Lililomshinda alimwachia Mola. Huko ndiko kutawakali: si kukaa kitako, wala si kudai malipo.

Sisemi kwamba kazi hii haina kasoro. Dua inarudia maombi yale yale, na kijana aweza kuchoka. Utii anaofunzwa mke nao ni mzito kwa msichana wa leo. Mwalimu asiufiche, bali aujadili waziwazi.

Lakini ndugu walimu, tutakapoushika tena utendi huu, tuanze na beti za mwisho. Tuwaulize wanafunzi: mama huyu anamwachia nani mwanawe, na kabla ya kumwacha amemfanyia nini? Baada ya hapo ndipo tuzungumze juu ya mume.