Chumvi Katika Vipimo vya Maji Taka ya Mombasa

Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, zilitaka maji taka yanayoachiliwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita katika mahitaji ya oksijeni ya kibiolojia, wala 50 katika mahitaji ya kikemikali, na yasiwe na bakteria wa E. koli hata mmoja katika mililita 100. Viwango hivyo ni vyema, lakini katika Kisiwa cha Mombasa, ambako maji ya chumvi huchanganyika na karibu kila kitu, namna ya kuvisoma ni jambo la kuangaliwa.

Kipimo cha kibiolojia huwategemea bakteria wenyewe: sampuli hufungiwa chupani gizani kwa siku 5 katika nyuzijoto 20, kisha hupimwa oksijeni iliyotumiwa na viumbe hao katika kula uchafu. Maji ya kiwandani huzimuliwa kwa viwango kadhaa, kwa kuwa jibu lililokokotolewa likizidi kupanda kadiri maji yanavyozimuliwa, hiyo ni dalili kwamba mna sumu iliyokuwa ikiwazuia bakteria kula. Kipimo cha kikemikali, kwa upande wake, huchemsha sampuli katika asidi yenye daikromati, kemikali inayounguza karibu uchafu wote wa asili ya viumbe, ule unaolika na usiolika. Kwa hiyo jibu lake likizidi la kwanza mara tatu au zaidi, kwa kawaida hudhaniwa kwamba kiwanda kinamwaga vitu vigumu kuozeshwa.

Hapo ndipo chumvi inapopotosha, kwani daikromati huunguza kloridi pia. Salfeti ya zebaki hutiwa ili kuifunga kloridi hiyo, lakini maji ya bahari, yenye takriban miligramu 19,000 za kloridi kwa lita, huishinda, hata kiwanda kinachooshea samaki kwa maji ya bahari kikaonekana kichafu kuliko kilivyo.

Kwa E. koli kosa hugeuka upande wa pili, nalo ni la hatari zaidi: jua na chumvi huwaua upesi bakteria hao, ilhali enterokoki, bakteria wengine wa utumbo, hustahimili zaidi, na ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 uliwachagua hao kwa maji ya kuogelea baharini. Sampuli ya hori ya Tudor, kandokando ya kisiwa, isiyo na E. koli, basi, haithibitishi kwamba bomba linalomwaga maji taka humo ni safi. Sampuli ichotwe mdomoni mwa bomba. Lakini katika visima vya Mji wa Kale, vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe unaopitisha upesi maji ya mashimo ya vyoo, chumvi ni kidogo kuliko ya baharini na jua halifiki, hivyo E. koli bado ni shahidi wa kuaminika.